Meli ya Mwisho ya Sultani wa Zanzibar

Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu ya asubuhi ikiwa ndiyo kwanza imepita, meli ya Glasgow ilifyatua mizinga mbele ya majumba ya Sultani wa Zanzibar. Shabaha yake ilikuwa St George, manowari ya Admirali Harry Rawson. Mizinga ya Glasgow ilikuwa 7, ya makombora ya ratili 9. Waingereza walikuwa na manowari tano bandarini.

Mtu aliyeijua Zanzibar ya Sultani Seyyid Said asingeamini. Merikebu yake Liverpool, iliyoundwa Bombay na kushushwa majini mwaka 1826, ilibeba mizinga 74, naye akamzawadia mfalme wa Uingereza. Sultana, nyingine ya merikebu zake, ilifika New York mwaka 1840 na shehena ya pembe za ndovu na karafuu chini ya Ahmad bin Naaman. Humo ndimo ulimokuwa udhaifu: chombo kile kile kilikuwa cha vita, cha biashara na cha heshima ya mfalme. Faida ilipopungua au dhoruba ilipopiga, ulinzi ulizama pamoja na mali.

Dhoruba ilipiga kweli. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangamiza meli za Sultani Seyyid Barghash zilizokuwa bandarini.

Barghash aliagiza Glasgow kwa kampuni ya Denny ya Uskoti, kwa mfano wa manowari ya Kiingereza yenye jina hilo iliyomtembelea mwaka 1873. Ilikamilika mwaka 1878: mbavu za chuma, mbao za msaji, milingoti mitatu, injini ya mvuke, na vyumba vya fahari. Haikumpendeza. Ikakaa kwenye nanga karibu maisha yake yote. Manowari za Wajerumani zilipokuja kumtisha Agosti 1885, hakuwa na meli ya kuzikabili, akakubali madai yao juu ya bara.

Kwa hiyo inauma kusoma kwamba vita vya 1896 vilikwisha kwa takriban dakika 38 kana kwamba ni kichekesho. Upande wa Zanzibar watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Khalid bin Barghash, aliyekuwa amejitwalia kiti siku mbili tu kabla, alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Mabaharia wa Glasgow walipandisha bendera ya Uingereza kuashiria kusalimu amri, wakaokolewa kwa mashua za adui.

Meli ilizama, lakini maji hayakuwa na kina cha kuimeza. Kwa miaka mingi milingoti yake ilichomoza mbele ya mji, hadi mabaki yalipoondolewa mwaka 1912.