Funga Daftari, Nieleze

Wazazi wengi hujiweka mbali na kazi ya nyumbani ya watoto wao kwa kuona hawana cha kufundisha. Mama aliyeishia darasa la saba akioneshwa daftari la Fizikia la kidato cha pili, Kiingereza mwanzo hadi mwisho, hulirudisha na kusema, "Soma tu mwenyewe, mwanangu." Naamini mama huyu anaacha kazi anayoiweza kabisa.

Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, kisha akajipima baada ya dakika, saa na siku kadhaa. Sehemu kubwa ilipotea katika saa za mwanzo, halafu kasi ya kusahau ikapungua. Kwa hiyo mtoto aliyeelewa somo asubuhi, kisha jioni akawa hana kitu, si mzembe. Ubongo wake unafanya kama bongo zote. Kazi ya nyumbani ina maana pale inapoukatiza usahaulifu huo.

Lakini inaukatiza vipi? Mwanafunzi akiambiwa asome, hufungua daftari na kulipitia, mara ya pili, mara ya tatu. Kila akirudia, maneno yanazidi kuzoeleka machoni, naye huamini yameingia. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilipima jambo hili kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Kundi moja lilisoma habari fupi katika vipindi vinne. Kundi jingine liliisoma kipindi kimoja tu, kisha mara tatu likaandika yote liliyoyakumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61, waliorudia kusoma asilimia 40.

Kulitafuta jambo kichwani, hata kwa taabu, ndiko kunakolikaza. Walimu wa madrasa za Pwani wamefanya hivyo miaka yote: mtoto anayehifadhi hukaa mbele ya ustadhi, msahafu umefungwa, akasikilizwa, na baada ya siku chache akarudishwa kwenye sura za nyuma.

Hapa ndipo mama yetu anapohitajika. Amwambie mtoto, "Funga daftari, nieleze ulichosoma." Mtoto ataanza: taa zikiungwa kwa mfululizo, moja ikiungua zote zinazima. Mama aulize, "Kwa nini zizime zote?" Mtoto akinyamaza, akatazama dari, asimharakishe, maana kujifunza kunafanyika hapo hapo. Huhitaji kujua umeme ili umtambue mtu anayebabaisha. Akishindwa, afungue aangalie, afunge tena, aeleze upya. Na kwa kuwa anaeleza kwa Kiswahili yale aliyoyasoma kwa Kiingereza, hawezi kujificha nyuma ya sentensi alizozikariri. Baadaye aandike maelezo hayo kwa Kiingereza, kwa kuwa mtihani utamdai hivyo.

Mzazi msomi naye ana hatari yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na Erin Maloney na wenzake ulifuatilia watoto wa darasa la kwanza na la pili huko Marekani. Wale ambao wazazi wao waliogopa hisabati, na bado wakawasaidia mara kwa mara kazi ya nyumbani, walionekana kujifunza hisabati kidogo zaidi mwaka huo na kuingiwa na hofu ile ile. Kama unajijua hukasirika mbele ya sehemu na desimali, uliza maswali na uache kufundisha. Kumfanyia kazi yote ni kubaya zaidi: mwalimu atasahihisha akili yako, asijue mtoto amekwama wapi.

Halafu kuna usingizi, ambao ubongo huutumia kuimarisha yaliyojifunzwa mchana. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba watoto wa miaka 6 hadi 12 walale saa 9 hadi 12, na wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Piga hesabu: kijana anayeamka saa 11 alfajiri kuwahi daladala anatakiwa awe amelala saa 3 usiku, na mdogo wake saa 2. Basi daftari lifunguliwe kabla ya chakula cha usiku, simu ikiwa chumba kingine. Na katika nyumba nyingi muda huo binti yuko jikoni au anachota maji wakati kaka yake ameshakaa na kitabu. Hilo halivumiliki, kazi zigawanywe, wote wawili wapate jioni yao.

Siku nyingine swali litagoma kabisa. Mtoto akishajaribu kweli, aandike pembeni mwa daftari, "Nimefika hapa, sielewi hatua inayofuata," akalale. Mwalimu akiisoma sentensi hiyo kesho yake, atajua pa kuanzia.