Nywele za Kuongezea: Maswali Matatu kwa Mkristo

Masomo: 1 Petro 3:3-4, 1 Timotheo 2:9-10, 1 Wakorintho 10:25-29

Leo tutazungumza juu ya jambo linaloleta ubishi katika makanisa yetu mengi, yaani nywele za kuongezea: za kusukia, za kushonea, na wigi.

Wako wasemao kwamba ni dhambi, na mazungumzo yamekwisha. Wako wasemao kwamba Mungu hatazami nywele, na mazungumzo yamekwisha. Katikati yao amesimama binti aliyesukwa juzi. Siku ya ibada anaambiwa mlangoni akae viti vya nyuma, au asiimbe na kwaya. Anarudi nyumbani, na juma linalofuata haji tena. Kwa hiyo jambo hili si dogo, kwa maana roho ya mtu imo ndani yake.

Mitume walikataza nini?

Petro aliwaambia wanawake kwamba uzuri wao usiwe wa nje tu, wa kusuka nywele, kujitia dhahabu na kuvaa mavazi, bali uwe wa moyo mpole na mtulivu. Tazama jambo moja: katika orodha hiyo hiyo ametaja mavazi. Kama tukisema Petro amepiga marufuku kila alichotaja, itatupasa kuacha nguo pia! Tena alichotaja ni kusuka nywele, na hakuna mzee wa kanisa amkatazaye mama kusuka nywele zake mwenyewe. Basi ni wazi kwamba mtume anapima kitu kingine, yaani mahali mwanamke anapoweka tumaini lake.

Paulo anapomwandikia Timotheo anaongeza neno juu ya mavazi ya thamani kubwa. Siku zile wanawake matajiri wa Rumi walipandisha nywele kwa ustadi mwingi, wakiwa na watumwa wa kuwasuka, na wengine walivaa nywele za watu wengine. Hata katika orodha ya kale ya bidhaa zilizotozwa ushuru katika dola ya Kirumi, nywele kutoka Bara Hindi zimetajwa. Mwanamke wa namna hiyo alipoingia katika nyumba ya ibada na kuketi karibu na mjakazi, kichwa chake kilitangaza utajiri kabla hajafungua kinywa. Ndilo jambo lililomsumbua Paulo.

Baadaye walitokea walimu waliokataza kabisa. Klementi wa Aleksandria, aliyefundisha mwishoni mwa karne ya pili, aliuliza: mzee wa kanisa akiweka mkono juu ya kichwa chenye nywele za mwingine, anambariki nani? Ni swali lenye uzito. Lakini tufikiri pia juu ya mama aliyepoteza nywele kwa sababu ya dawa za saratani, naye akavaa wigi. Je, baraka ya Mungu itashindwa kupita hapo? La, hasha. Hata meno ya kutengenezwa si ya kuzaliwa nayo, wala hatumzuii mzee mwenye meno hayo kuomba.

Pambo hubeba maana ambayo watu wa wakati na mahali fulani wameipa. Wakatoliki walipofika Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista Wasabato walipofika Nyanchwa mwaka 1912, waliwakuta akina mama wa Gusii wamevaa ebitinge, zile pete za miguuni zilizokuwa alama ya mke aliyeolewa. Leo ukipita sokoni Kebirigo huzioni tena, na ndoa zingali zinafungwa. Basi pambo laweza kupita na jambo lenyewe likabaki.

Kwa hiyo, badala ya kupima urefu wa nywele, tujiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: Zimetoka wapi?

Nyingi za nywele za kusukia zinazouzwa kwa bei nafuu hazikutoka kwa mtu. Ni nyuzi za plastiki zilizotengenezwa kiwandani, na viwanda vya namna hiyo viko hata hapa kwetu Nairobi. Lakini ziko pia nywele za binadamu, ambazo bei yake ni ya juu, nazo zina historia.

Katika hekalu la Tirumala, kusini mwa India, mahujaji wengi sana, wanaume kwa wanawake, hunyolewa nywele kutimiza nadhiri kwa mungu wao Venkateswara. Nywele hizo huuzwa kwa mnada, na zile ndefu huishia katika biashara ya wigi duniani. Mwaka 2004 jambo hili liliwatikisa Wayahudi wenye kushika sana sheria, ambao wake zao hufunika nywele kwa wigi. Rabi Yosef Shalom Elyashiv wa Yerusalemu aliamua kwamba wigi zenye nywele za hekalu hilo zisivaliwe, na wanawake wengine huko Israeli na Brooklyn, New York, walichoma wigi zao hadharani.

Sisi tumepewa mwongozo na Paulo, aliyekutana na jambo linalofanana: nyama ya sokoni ambayo huenda ilitolewa kwa sanamu. Alifundisha kwamba kinunuliwacho sokoni kiliwe bila kuhojihoji, kwa kuwa dunia na vyote vilivyomo ni vya Bwana. Lakini mtu akikuambia waziwazi kwamba kilitolewa sadaka kwa sanamu, ukiache kwa ajili ya dhamiri ya huyo aliyekuambia. Basi mama asiishi kwa hofu ya kila fungu la nywele, wala asidharau dhamiri ya mwenzake.

Liko jambo jingine zito zaidi. Mwaka 2020 idara ya forodha ya Marekani ilizuia bandarini, katika eneo la New York, kiasi cha tani 13 za bidhaa za nywele kutoka Xinjiang, China, kwa kushuku kwamba zilitokana na kazi ya kulazimishwa. Yakobo 5:4 inatufundisha kwamba ujira ulionyimwa wafanyakazi hupiga kelele mbele za Mungu. Mchuma chai wa Kebirigo anajua uchungu wa kufanya kazi pasipo malipo ya haki. Basi ikiwa umepata kujua kwamba fungu fulani limetoka katika jasho la mtu aliyeonewa, usiseme, "Mimi nimenunua tu."

Swali la pili: Zimelipiwa na nini?

Bonasi ya chai inapoingia, kila nyumba ina mipango yake: karo, mbolea, dawa za nyanya aliye kitandani. Mama akichukua sehemu anayoimudu, wakakubaliana na mumewe, akasukwa apendeze, hana deni kwa mtu. Lakini nywele zikinunuliwa kwa mkopo uliofichwa, au mtoto akifukuzwa shule kwa ajili ya karo, nywele hizo zimekuwa ghali kupita bei iliyoandikwa. Nanyi waume, msifurahi upesi. Pesa za pombe na za kujionyesha kwa marafiki zipimwe kwa mizani hiyo hiyo.

Gharama nyingine ni ya mwili. Nywele zikivutwa sana na kwa muda mrefu, hasa pembeni mwa uso, mizizi huumia, na mwishowe hazioti tena. Tuwahurumie watoto wadogo wanaolia chini ya mkono wa msusi. Kichwa kikiuma, msusi alegeze.

Swali la tatu: Zimewekwa kwa ajili ya nani?

Swali hili hakuna mtu awezaye kumjibia mwenzake. Mwanamke mmoja husuka ili apate nafasi ya kwenda shambani alfajiri bila kuhangaika na chana. Mwingine husuka kwa furaha ya arusi ya dada yake. Mwingine husuka kwa sababu ameambiwa tangu utotoni kwamba nywele alizopewa na Mungu ni mbaya. Huyu wa mwisho hahitaji kukemewa. Anahitaji kuambiwa kwa upole kwamba Muumba hakukosea alipozikunja nywele za Mwafrika. Avae au asivae, asivae kwa kujichukia.

Neno kwa wazee wa kanisa

Ndugu wapendwa, mnao wajibu wa kufundisha kiasi, nao ni wajibu mwema. Kama kanisa lenu lina utaratibu juu ya mapambo, ufundisheni kwa saburi na mahali pake. Lakini mlangoni pa ibada si mahali pa kupima vichwa. Samweli, nabii mzima, alitazama umbo la Eliabu akadhani amempata mfalme, na Bwana akamfundisha kwamba Yeye hutazama moyo. Kama nabii aliweza kudanganywa na macho, sisi je?

Nawe binti uliyeambiwa neno kali ukaacha kuja, rudi. Maswali haya matatu yajibu mbele za Mungu, ukiwa nyumbani kwako, bila haraka. Ukiona vema kuzivua, zivue kwa amani. Ukiona vema kuzivaa, zivae kwa kiasi, wala usimdharau asiyevaa.

Tuombe. Ee Bwana, tupe moyo safi kuliko sura nzuri. Utufundishe kununua kwa haki, kutumia kwa kiasi, na kumpokea kila ajaye nyumbani mwako kama ulivyotupokea sisi. Amina.