Kosa la ramani Sumbawanga hulipiwa na nauli

Soko la vifaa vya ujenzi mjini Sumbawanga hufuata mwendo wa mahindi. Mvua zikikatika na mavuno yakianza kuuzwa, wakulima wa uwanda wa juu wa Ufipa huulizia mabati, saruji na nondo. Ikifika Novemba mvua hurudi, na shughuli katika saiti nyingi hupungua. Muda mzuri wa kujenga ni kama miezi sita tu. Anayekosea hesabu ndani ya muda huo hana nafasi kubwa ya kujisahihisha.

Umbali nao huongeza uzito wa kosa. Kiwanda cha saruji kilicho karibu kiko Songwe, Mbeya, takriban kilomita 300 kutoka Sumbawanga. Mzigo unaotoka Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,100. Barabara ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye kilomita 223, iliyojengwa kwa fedha za shirika la Marekani la MCC chini ya mkataba wa mwaka 2008, ilirahisisha safari ya malori, lakini haikufuta nauli. Kila mfuko wa saruji unaofika Sumbawanga una bei mbili ndani yake: ya kiwandani na ya barabarani. Ukinunuliwa kimakosa, zote mbili zimepotea.

Ni kwa sababu hiyo utaratibu wa kulijenga jengo kwanza ndani ya kompyuta, unaojulikana kwa kifupi kama BIM, unamhusu mkandarasi wa Sumbawanga pengine kuliko yule wa Dar es Salaam, ambaye duka la vifaa liko mtaa wa pili.

Tofauti na ramani ya kawaida

Ramani ya kawaida ni mistari tu. Mchoro wa juu, wa pembeni na wa ndani huchorwa kila mmoja peke yake. Mlango ukihamishwa kwenye karatasi moja, nyingine hubaki kama zilivyokuwa mpaka mtu akumbuke kuzirekebisha.

Katika BIM, ukuta huingizwa kama ukuta, wenye urefu, unene na aina ya tofali. Mlango ukihamishwa, michoro yote pamoja na orodha ya vifaa hubadilika papo hapo. Aidha, ratiba ya kazi na bei vinaweza kuunganishwa humo humo.

Wazo lenyewe si geni. Mmarekani Charles Eastman alilieleza mwaka 1975. Programu ya ArchiCAD ilitoka Hungaria miaka ya 1980, na Revit ikaingia sokoni mwaka 2000. Uingereza iliagiza miradi ya serikali kuu itumie utaratibu huo kuanzia Aprili 2016, na mwaka 2018 ukapatikana mwongozo wa kimataifa wa ISO 19650.

Hesabu ya saruji na nondo

Faida yake huonekana kwenye mahesabu. Mathalani, slabu ya mita 20 kwa 12 yenye unene wa sentimita 15 ni zege la mita za ujazo 36. Kwa makadirio ya mifuko sita na nusu kwa kila mita ya ujazo, inahitajika mifuko 234. Iwapo mchoro wa mhandisi unaonyesha sentimita 15 na wa mbunifu unaonyesha 20, na mnunuzi akafuata wa pili, ataagiza mifuko 312. Tofauti ni mifuko 78, karibu tani nne za saruji zilizolipiwa nauli bila kazi. Katika BIM slabu ni moja na unene wake ni mmoja.

Nondo nazo zina hesabu yake. Nondo ya mita 12 hutoa vipande viwili vya mita 4.5, na mita tatu hubaki. Vikihitajika vipande 300, zitanunuliwa nondo 150. Lakini mhandisi akiona orodha mapema na akaridhika kwamba mita nne zinatosha, kila nondo itatoa vipande vitatu bila baki, na zitahitajika 100 tu. Marekebisho hayo hufanyika kabla ya oda kutumwa. Nondo zikishashushwa saiti, nafasi hiyo imepita.

Faida ya tatu ni kugundua migongano. Fundi bomba huja baada ya zege kukauka, akakuta bomba la maji taka la inchi nne linatakiwa kupita katikati ya bimu. Hapo hupasuliwa zege, na wakati mwingine nondo hukatwa. Hasara hiyo si ya fedha pekee, kwani bimu iliyokatwa nondo hubeba mzigo usio wake. Kompyuta huonyesha mgongano huo kabla msingi haujachimbwa.

Mipaka yake

Hata hivyo, kompyuta haipimi ardhi. Ikipewa vipimo vibovu vya kiwanja, hutoa hesabu mbovu zenye sura nzuri. Wala haichukui nafasi ya mhandisi. Eneo hili liko kwenye Bonde la Ufa, na tetemeko la Desemba 1910 lililotokea ukanda wa Rukwa lilikuwa na ukubwa wa 7.4, miongoni mwa makubwa zaidi kuwahi kupimwa Afrika. Nguvu ya nguzo lazima ikokotolewe na mwenye taaluma.

Gharama nayo ni kikwazo. Leseni za programu kubwa hulipiwa kila mwaka kwa fedha za kigeni, mzigo mzito kwa mkandarasi wa daraja la saba, ambalo ni la chini kabisa katika usajili wa CRB. Lakini ipo FreeCAD, inayotolewa bure, na toleo lake la Novemba 2024 lina zana za BIM ndani yake. Aidha, mafaili ya aina ya IFC husomwa na programu tofauti, hivyo mkandarasi anaweza kupokea kazi ya mbunifu bila kununua programu ile ile.

Asiyeweza kuchora mwenyewe anaweza kumtaka mbunifu au mkadiriaji majenzi ampatie vitu vitatu: faili la IFC, orodha ya vifaa iliyotoka humo, na taarifa ya migongano. Halmashauri zinazojenga madarasa kwa fosi akaunti zina nafasi nzuri zaidi. Ramani ya darasa ni ile ile vijiji vingi. Ikishajengwa mara moja kwenye kompyuta, kinachobadilika ni msingi, kulingana na mteremko wa kiwanja.

Kazi hiyo haihitaji jua. Anayetaka kumwaga msingi mwezi Mei anaweza kumaliza jengo la kwenye kompyuta kati ya Januari na Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha. Oda itakayokwenda Mbeya na Dar es Salaam baada ya hapo itakuwa ya vitu vinavyohitajika, na lori halitalipwa kubeba makosa.