Waipa za gari zinapogoma katika ukungu na baridi ya Usambara: chanzo chake na hatua za kuchukua

Muheza, Tanga – Kati ya mwezi Juni na Agosti, wakati mikoa mingi nchini ikiwa katika kiangazi na baridi kavu, barabara za Usambara ya Mashariki hubaki na unyevu. Upepo utokao Bahari ya Hindi hupanda milima hiyo, hupoa na kugeuka ukungu na manyunyu, na ndiyo sababu eneo la Amani hupata takribani milimita 1,900 za mvua kwa mwaka. Dereva anayepanda kutoka Muheza kwenda Amani na kwenye mashamba ya chai ya Bulwa na Kwamkoro huweza kuondoka mjini kukiwa na jua, na baada ya muda mfupi akalazimika kuwasha vifuta kioo, maarufu kama waipa.

Vifuta kioo vinapogoma katika njia hiyo, yenye kona kali, msitu upande mmoja na bonde upande wa pili, hatari haimkabili dereva peke yake. Huwakabili pia abiria, mgonjwa anayepelekwa hospitali mjini Muheza, mwendesha pikipiki anayekuja kutoka upande wa pili na mtoto wa shule anayetembea pembezoni mwa barabara.

Hatua ya kwanza, kwa hiyo, si kutafuta ubovu bali ni kusimama salama. Dereva anapaswa kupunguza mwendo taratibu, kuwasha taa za hadhari na taa za mbele za mwanga mdogo, kisha kutafuta sehemu pana isiyo kwenye kona. Taa za mwanga mkali hazisaidii katika ukungu, kwani matone ya maji hurudisha mwanga huo machoni mwa dereva. Gari likishasimama, pembetatu za tahadhari ziwekwe mbele na nyuma. Kutoa mkono dirishani na kufuta kioo kwa kitambaa huku gari likitembea ni jambo lisilokubalika hata kama safari imebaki kilomita moja.

Mfumo wenyewe si mgumu kuuelewa. Swichi iliyo karibu na usukani hupeleka umeme, kupitia fyuzi, kwenye mota ndogo iliyofichwa chini ya kioo. Mota huzungusha fito za chuma ambazo husukuma mikono ya waipa kulia na kushoto. Ubovu unaweza kuwa katika umeme, katika mota au katika vyuma, na sikio la dereva ndilo kipimo cha kwanza cha kutofautisha.

Mota ikisikika inanguruma lakini mikono haitembei, tatizo huwa ni la vyuma. Mara nyingi nati iliyo kwenye shina la mkono wa waipa imelegea, nayo huonekana ukifunua kifuniko kidogo cha plastiki. Kuikaza kwa spana ni kazi ya dakika chache. Ikiwa nati imekaza, yaelekea fito zimechomoka kwenye maungio yake, na hapo fundi anahitajika.

Ikiwa hakuna sauti yoyote, fyuzi ikaguliwe. Kitabu cha gari au mchoro ulio kwenye kifuniko cha kisanduku cha fyuzi huonyesha ipi ni ya waipa. Iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya kiwango kile kile: kama ilikuwa ya ampia 20, ambayo kwa kawaida ni ya njano, isiwekwe ya kijani ya ampia 30, wala kipande cha waya. Fyuzi imewekwa ili ife yenyewe kabla waya haujawaka moto. Ikibadilishwa na kuungua tena papo hapo, kuna kitu kinachoilemea mota au waya zilizogusana, na kuendelea kubadilisha fyuzi ni kuchelewesha tu matengenezo.

Kitu hicho kinachoilemea mota, katika barabara inayopita msituni, mara nyingi ni majani. Gari lililoegeshwa chini ya miti usiku kucha hukusanya majani, vijiti na matope kati ya boneti na kioo, mahali zilipo fito za waipa. Yakilowa hushikamana, maji hushindwa kutoka, na vyuma huanza kushika kutu. Mota huendelea kusukuma, hupata joto, kisha husimama. Hapa ndipo madereva wengi hudanganyika, kwa sababu mota nyingi zina kinga ya ndani inayokata umeme joto linapozidi na kuurudisha zikipoa. Waipa zilizogoma hufanya kazi tena baada ya dakika kadhaa, dereva huamini kuwa zimepona, naye huendelea na safari hadi zinapogoma kwa mara ya pili, pengine mahali pabaya zaidi. Waipa zilizosimama na kurudi zenyewe zihesabiwe kuwa bado ni mbovu. Swichi izimwe kwanza, majani yaondolewe kwa mkono, na fundi azikague fito na kuzitia grisi.

Waipa zinazotembea polepole asubuhi ya baridi zina maelezo mengine. Betri hupungua nguvu katika baridi, na iliyochakaa huzidiwa pale taa, feni na waipa vinapotumika kwa pamoja. Kutu kwenye waya wa ethi wa mota huleta dalili hiyo hiyo.

Wakati mwingine waipa huwa nzima, ila kioo kimeingia ukungu kwa ndani kutokana na pumzi na nguo zilizolowa za abiria, jambo la kawaida katika gari lililojaa na kufungwa madirisha yote. Kidole kikipitishwa ndani ya kioo na kuacha mstari, dawa ni kuelekeza feni kwenye kioo, kuwasha kiyoyozi ikiwa kipo, au kufungua dirisha kidogo.

Usambarani barafu haigandi juu ya vioo kama inavyoweza kutokea Kitulo, wilayani Makete. Kwa wanaosafiri huko, waipa zilizoganda zisiwashwe kwa nguvu, na maji ya moto yasimwagwe kwenye kioo, kwani huweza kukipasua.

Wapo wanaopaka sabuni, tumbaku au kiazi kilichokatwa kwenye kioo ili maji yateleze. Utando huo huweza kusaidia kidogo kwa muda mfupi, lakini hauwezi kumvusha dereva katika mvua kubwa, na usiku huongeza mng'ao wa taa za magari mengine.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka mwenye gari kuhakikisha liko katika hali salama linapokuwa barabarani. Kabla ya kupanda mlima, inatosha kufuta raba za waipa kwa kitambaa chenye maji, kuangalia kama zimepasuka, kujaza chombo cha maji ya kioo, na kuweka ndani ya gari fyuzi mbili za akiba pamoja na spana inayoenea kwenye nati za waipa.