Kishikwambi Kinapokosa Intaneti Mjini Juba

Kuweka upya mipangilio ya mtandao ni kukifanya kishikwambi kisahau kila kilichowahi kuambiwa kuhusu mawasiliano: majina na nywila za Wi-Fi, vifaa vilivyounganishwa kwa Bluetooth, mipangilio ya VPN, na jina la lango ambalo laini ya simu hulitumia kufikia data. Picha, nyaraka, programu na ujumbe haviguswi. Hatua hii hutibu hitilafu nyingi zisizoeleweka, ndiyo maana mafundi wengi wa simu huikimbilia mwanzoni. Kwa mtumiaji wa Juba inafaa iwe ya mwisho. Intaneti ya mji huu hupita mikono mingi kabla ya kufika kwenye kioo, na mara nyingi palipokatika pako mbali kabisa na kifaa.

Kwa miaka mingi Juba ilitegemea kwa sehemu kubwa setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Mawimbi yanapopanda na kushuka umbali huo, kila ombi huchukua zaidi ya nusu sekunde kabla ya kurudi na jibu, hata kama bando ni kubwa kiasi gani. Mwanzoni mwa 2020 kampuni ya Liquid ilifikisha mkongo wa faiba mjini kutoka mpaka wa Uganda. Tangu hapo sehemu ya data ya Juba husafiri nchi kavu hadi pwani ya Kenya, kisha huingia katika mikongo ya baharini kama SEACOM, EASSy na TEAMS. Setilaiti bado zipo, na zile za chini kama za Starlink, zinazozunguka kwenye kilomita 550 hivi, hujibu upesi zaidi kuliko zile za zamani.

Njia ndefu kiasi hicho ina sehemu nyingi za kukatikia. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, na intaneti ikawa nzito Kenya, Uganda na Tanzania kwa siku kadhaa. Nyumbani kwenyewe, minara mingi ya simu Sudan Kusini huendeshwa na jenereta za dizeli au sola, na ruta ya ofisini au dukani hutegemea umeme wa JEDCO, kampuni ya umeme ya mji, sola au jenereta ya mtaa. Umeme ukikatika halafu ukarudi, ruta huwaka na kutangaza jina lake la Wi-Fi mapema, huku kifaa kinachoileta intaneti kutoka nje bado kikitafuta mawimbi. Kishikwambi kitaungana na ruta hiyo bila shida, na hakitapata chochote.

Kwa hiyo swali la kwanza ni iwapo kosa liko ndani ya kifaa au nje yake, na jibu hupatikana kwa majaribio mawili yasiyogharimu kitu. La kwanza ni kuunganisha simu nyingine kwenye Wi-Fi ileile. Ikiwa nayo haipati kitu, kishikwambi hakina kosa. Kinachotakiwa ni kuzima ruta, kusubiri dakika moja, kuiwasha na kuipa muda, au kumuuliza mwenye mtandao kama malipo yamekwisha. La pili ni kukipeleka kishikwambi kwenye mtandao tofauti, kwa mfano intaneti inayogawiwa na simu ya jirani. Kikifanya kazi huko, kosa liko kati yake na ule mtandao wa kwanza tu, na kilichohitajika ni kuusahau mtandao huo mmoja na kuingiza nywila upya, bila kugusa mipangilio mingine. Vishikwambi vingi vinavyouzwa havina nafasi ya laini na huishi kwa intaneti ya simu. Kwa hivyo bando la simu hiyo ndilo la kuangaliwa kabla ya jambo lolote, pamoja na kile kikomo cha matumizi ambacho simu nyingi huruhusu kiwekwe na mwenyewe husahau kwamba alikiweka.

Dalili moja huwadanganya watu zaidi ya zote: baadhi ya programu kufanya kazi na nyingine kukataa. Tarehe 22 Januari 2025 Mamlaka ya Kitaifa ya Mawasiliano ya Sudan Kusini iliagiza kampuni za simu zifunge mitandao ya kijamii, baada ya picha za video za mauaji ya raia wa Sudan Kusini huko Wad Madani, Sudan, kusambaa na kuzua ghasia. Amri iliondolewa tarehe 27 mwezi huohuo. Katika siku hizo Facebook na TikTok hazikufunguka, wakati barua pepe na tovuti nyingine ziliendelea. Hakuna mpangilio wa kifaa unaobadilisha hali ya namna hiyo. Ikiwa tovuti moja imekataa na kumi zinafunguka, katika laini zaidi ya moja, kishikwambi kiachwe kilivyo.

Kosa linapokuwa ndani ya kifaa, ujumbe unaoonekana mara nyingi husema kwamba kimeunganishwa lakini hakuna intaneti. Maana yake ni mahususi. Kila kinapojiunga na Wi-Fi, kishikwambi hutuma ombi dogo kwa seva ya kampuni iliyotengeneza mfumo wake, na hungoja jibu linalojulikana. Jibu lisipokuja, hutangaza kwamba hakuna intaneti. Jibu likija tofauti na lilivyotarajiwa, hufungua ukurasa wa kuingia, ule unaoonekana hotelini na kwenye migahawa inayouza vocha za Wi-Fi. Ukurasa huo ukigoma kujitokeza wenyewe, hufaa kufungua kivinjari na kuandika anwani ya tovuti yoyote inayoanza na http bila herufi ya s, kwa sababu tovuti zilizofungwa kwa usalama haziruhusu kuelekezwa kwingine.

Katika maelezo ya mtandao wa Wi-Fi kuna namba inayoitwa anwani ya IP. Ruta huigawa kwa kila kifaa kinachojiunga. Ikiwa kwenye iPad namba hiyo inaanza na 169.254, ruta haikuigawa. Kifaa kimejipa chenyewe baada ya kungoja bure. Hutokea pale ambapo watu wengi mno wamejiunga na ruta ndogo, jambo la kawaida katika ofisi iliyoanza na watu watano na sasa ina arobaini. Kuanzisha ruta upya hutatua kwa muda, lakini dawa ya kudumu ni ruta kubwa zaidi.

Saa ya kifaa inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko inavyoangaliwa. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kishikwambi hukipima kwa saa yake chenyewe. Betri ikikaa tupu kwa wiki kadhaa, saa inaweza kurudi nyuma miaka mingi, na kwa kishikwambi hicho karibu kila cheti duniani kitaonekana hakijaanza kutumika. Mawimbi yatakuwa kamili, Wi-Fi itakuwa imara, na hakuna ukurasa utakaofunguka. Juba ina tatizo lake la ziada. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja, ikaiacha saa ya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, ikahamia ile ya Khartoum na Kigali, yaani saa mbili mbele ya saa ya dunia ya UTC badala ya tatu. Vishikwambi ambavyo mfumo wao haujasasishwa tangu kabla ya tarehe hiyo bado huamini kwamba Juba ina saa ya Nairobi. Mwenyewe akiona saa imezidi, huirudisha nyuma kwa mkono. Machoni inakuwa sahihi, lakini ndani kifaa kinahesabu kwamba ulimwengu uko nyuma kwa saa moja. Matokeo yake ni zile namba sita za usalama zinazobadilika kila sekunde 30 kukataliwa na benki au barua pepe, na mtumiaji kudhani mtandao ndio mbovu. Kinachofaa ni kuacha tarehe na saa zijipange zenyewe, na ukanda wa saa ukiwa na makosa, kuchagua Kigali kwa mkono.

Kwa kishikwambi chenye laini, mahali pa kuangalia baada ya saa ni APN, lile jina la lango la data. Laini inapoingizwa, kifaa husoma namba iliyofichwa ndani yake, ambayo tarakimu zake tatu za kwanza hutaja nchi: 659 ni Sudan Kusini, 641 Uganda, 639 Kenya, 640 Tanzania. Kwa namba hiyo na ile ya kampuni inayofuata, kifaa hutafuta APN katika orodha kilichokuja nayo kutoka kiwandani. Sudan Kusini ilipata uhuru Julai 2011 na namba zake ni changa kuliko za jirani zake, kwa hiyo kifaa cha zamani, au kilichotengenezewa soko la mbali, huweza kukosa jina la kampuni ya hapa au kuwa na jina lililopitwa na wakati. Dalili ni wazi: mawimbi yapo, simu zinapigwa ikiwa kifaa kinapiga simu, bando lipo, data haipiti. Hapo APN sahihi huombwa kwa huduma kwa wateja wa MTN, Zain au Digitel na kuandikwa kwa mkono, herufi kwa herufi, bila nafasi ya ziada mwishoni. Wafanyabiashara wanaopita mpakani Nimule na laini ya Uganda wanahitaji pia kuruhusu data ya ng'ambo, kwa kuwa vishikwambi huifunga hadi mwenyewe aifungue.

Mambo mengine ni mepesi. VPN iliyosahauliwa ikiwa imewashwa huzuia kila kitu seva yake inapoanguka. Vivyo hivyo DNS ya faragha katika Android: ikiwa imeelekezwa kwenye seva isiyofikika, majina ya tovuti hayapati anwani, na kishikwambi hudai hakuna intaneti. Kuirudisha katika hali ya kujichagulia yenyewe hutosha. Na joto lisidharauliwe. Apple inashauri iPad itumike kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi, na Februari na Machi mchana wa Juba hupita hapo. Kifaa kikipata moto sana hupunguza nguvu ya redio zake, mawimbi yakaonekana dhaifu. Kivuli na dakika ishirini huyarudisha.

Yote hayo yakishindwa, ndipo kuweka upya kunapofaa. Maandalizi yake ni kuandika kando nywila za Wi-Fi, APN, na maelezo ya VPN ya kazini. Katika vishikwambi vingi vya Android hatua hii hupatikana ndani ya Mipangilio, sehemu ya mfumo, kwenye chaguo za kuweka upya. Matoleo mapya hutenganisha Wi-Fi na Bluetooth upande mmoja na mtandao wa simu upande mwingine. Kwa Samsung iko chini ya usimamizi wa jumla. Kwa iPad iko mwishoni mwa sehemu ya jumla, mahali pa kuhamisha au kuweka upya. Kifaa huomba namba ya siri, na iPad hujizima na kuwaka tena.

Baada ya hapo kila kitu huingizwa upya, na kuna jambo moja linalowashangaza watu katika migahawa ya Juba. Vishikwambi vya sasa huficha namba yao halisi ya Wi-Fi na kuonyesha nyingine ya kubuni kwa kila mtandao, na iPad ikiwekwa upya huja na namba mpya. Mfumo wa vocha unaomtambua mteja kwa namba hiyo humwona kama mgeni, na siku zilizobaki kwenye vocha hazionekani. Zinapaswa kudaiwa kwa mwenye mgahawa kabla ya kununua nyingine.

Onyo kubwa linahusu chaguo lililo jirani kabisa kwenye orodha hiyohiyo: kufuta data yote na kukirudisha kifaa kama kilivyotoka kiwandani. Chaguo hilo ni jambo jingine kabisa. Mashirika ya misaada Sudan Kusini hukusanya takwimu kwa programu kama KoboCollect, ambayo huhifadhi fomu ndani ya kishikwambi hadi intaneti ipatikane. Kuweka upya mtandao huziacha fomu hizo salama. Kufuta yote huziangamiza, na kazi ya wiki nzima vijijini hupotea kwa mguso mmoja. Isitoshe, kikishafutwa, kishikwambi cha Android huweza kudai akaunti ya Google iliyokuwemo, na ili kuithibitisha kinahitaji intaneti ileile iliyokosekana. Vishikwambi vya ofisi vinavyosimamiwa kutoka mbali viachiwe mtu wa kompyuta wa ofisi hiyo.

Kishikwambi kilichowekwa upya kikiendelea kukosa intaneti katika mitandao miwili tofauti ambayo vifaa vingine vinaitumia vizuri, huenda hitilafu iko kwenye antena au saketi yake, na kukiweka upya mara ya pili hakutasaidia. Kipelekwe kwa fundi wa vifaa.