Moyo wa ukoo na sahani ya nyumbani

Wandugu wakulima,

Kwa mikutano ya vyama vyenu tunasikia mara nyingi habari kama hii: baba alianguka shambani akafa palepale, kisha miaka kidogo, mtoto wake naye akaenda vile vile. Maneno yanaanza. Wengine wanatafuta nani aliwaroga, na jamaa inapasuka. Wengine wanasema: « Iko ndani ya damu yetu, hakuna la kufanya. » Wote wanakosea, na kosa hilo linaua.

Ni kweli, ugonjwa wa moyo unaweza kufuata ukoo. Kila mtu anarithi jeni kwa baba na kwa mama, sawa vile mbegu inabeba tabia ya mmea. Jeni zingine zinafanya mishipa ya moyo izibe upesi. Lakini ninyi mnajua: mbegu moja ikipandwa kwa udongo wa namna mbili, haizai sawasawa. Chakula ndicho udongo wa mwili.

Mwaka 2011, watafiti wa vyuo vikuu vya McMaster na McGill, kule Kanada, walitangaza uchunguzi juu ya watu zaidi ya 27 000 wa asili ya Ulaya, Asia, Amerika ya Latini na Waarabu. Waliangalia alama ya kurithi, kwenye kromosomu ya 9, inayoongeza hatari ya moyo. Kwa wenye alama hiyo waliokula mboga mbichi na matunda kwa wingi, hatari ilishuka karibu na ile ya watu wasio nayo. Jeni haikubadilika, ni sahani iliyobadilika.

Basi, tufanye nini kwetu?

– Tusiuze mboga na matunda yote sokoni. Mtu mzima anahitaji gramu 400 kila siku. Karoti, nyanya na kabishi zinaliwa mbichi, zikioshwa na maji safi. Lakini sombe hapana! Mbichi iko na sumu. Itwangwe na kupikwa vizuri.
– Chumvi isipite kijiko kidogo kimoja kwa siku, kwa mtu mzima. Makayabo tuyaloweke na kubadilisha maji.
– Mawese mekundu yana vitamini A, ni mazuri kwa macho. Lakini karibu nusu yake ni mafuta yanayoongeza kolesteroli mbaya. Tupime kwa kijiko, tusimimine.
– Tumbaku tuiache kabisa.

Na kama baba au kaka alipatwa na moyo mbele ya miaka 55, mama au dada mbele ya 65, usingoje kuumwa. Enda kwenye kituo cha afya wapime tansio, umweleze muganga habari ya ukoo. Kama alikuandikia dawa, endelea kuzimeza. Mboga haichukui nafasi yake.

Mbegu ya ukoo hatukuichagua. Udongo, tunaulima wenyewe.