MAELEZO KUHUSU KUPUNGUZA UKUBWA WA PICHA KATIKA KOMPYUTA

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanaelezwa hapa namna ya kupunguza ukubwa wa picha kabla ya kuzituma kwa barua pepe au kuziambatanisha na maombi. Maelezo haya yanatolewa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa barua yenye picha nzito huweza kurejeshwa kwa aliyeituma. Ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni kuwa baadhi yetu, katika kuziondolea picha uzito, tumezipoteza kabisa.

Picha ya kamera ya siku hizi, na ya simu vilevile, ni mkusanyiko wa nukta ndogo sana ziitwazo pikseli. Aliyewahi kuitazama kofia ya viua kwa karibu atafahamu upesi: ua analoliona kwa mbali, akilisogelea hulikuta ni matundu madogo yaliyopangwa kwa hesabu. Picha yenye upana wa pikseli 4,000 na urefu wa pikseli 3,000 ina nukta milioni 12. Upana na urefu vikipunguzwa kwa nusu, nukta hazibaki milioni 6 kama wengi wanavyodhani, bali milioni 3, kwa kuwa pande zote mbili zimepungua. Pande hizo zikifanywa robo, hubaki sehemu moja tu ya kumi na sita. Ndiyo maana picha ya megabaiti kadhaa huweza kushuka hadi kilobaiti mia chache na bado ikaonekana vyema kwenye skrini. Akaunti za kawaida za Gmail, kwa mfano, haziruhusu viambatanisho vizidi megabaiti 25 kwa barua moja. Picha sita za megabaiti tano tano zimekwisha kuvuka mpaka huo.

Kazi yenyewe haihitaji fundi wala programu ya kununua. Kompyuta za Windows zina programu ya Paint, ambayo ilikuwamo tangu toleo la kwanza la mwaka 1985. Fungua picha ndani yake, bonyeza kitufe cha "Resize", kisha chagua kupima kwa asilimia au kwa pikseli. Hakikisha kuwa alama ya kulinda uwiano imewashwa, ili upana ukibadilika urefu uufuate. Bila ya hivyo mtu mwembamba hutoka mnene, na nyumba ya ghorofa ikaonekana kama banda la kuku. Kwa picha ya kutazamwa katika barua, upana wa pikseli 1,200 unatosha. Picha ya paspoti ya milimita 35 kwa 45 ina hesabu yake: ikatwe kwanza kwa uwiano huo, na ili ichapishwe vyema kwa nukta 300 kwa kila inchi, isipungue pikseli 413 kwa 531.

Hatari ipo katika kuhifadhi. Ukishapunguza, usibonyeze "Save". Bonyeza "Save as", uipe picha ndogo jina jingine. "Save" huiandika picha ndogo juu ya ile kubwa, na programu ikishafungwa hakuna kitufe cha kuirejesha. Nukta zilizoondolewa hazikukunjwa zikangoja kukunjuliwa, zimefutwa. Ukiikuza tena, kompyuta hubuni nukta za kujazia nafasi, na nyuso hutoka zenye ukungu.

Mwandishi wa maelezo haya aliyatenda hayo mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita alipunguza picha za mkutano mmoja hadi upana wa pikseli 300 ili zienee katika barua, akazihifadhi juu ya zile asili. Baadaye walifika ofisini watoto wa mzee mmoja aliyehudhuria mkutano ule. Baba yao amefariki, nao hawakuwa na picha yake nyingine ya miaka ya mwisho. Waliomba hiyo wapate kuitia katika fremu. Pikseli 300, kwa kipimo kilichotajwa hapo juu, ni upana wa inchi moja. Picha ilichapishwa kubwa hivyo hivyo, wakaipokea na wakashukuru, lakini macho ya mzee hayakuonekana.

Inafaa kufahamika pia kuwa picha za aina ya JPEG hupoteza ubora kidogo kila zinapobadilishwa na kuhifadhiwa upya. Kwa hiyo kila nakala ndogo itolewe katika picha asili, si katika nakala ndogo iliyotangulia. Na wenye kuandika ripoti wasidhani kuwa kuivuta pembe ya picha ndani ya waraka ndiko kuipunguza: msomaji ataiona ndogo, lakini faili huweza kubaki na uzito wake. WhatsApp nayo, picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, huipunguza bila ya kumuuliza mtumaji. Anayetaka ifike kama ilivyo aitume kama hati.

Kwa upande wa majina, inatosha kuongeza neno "ndogo" mwishoni mwa jina la nakala iliyopunguzwa. Picha asili ziwekwe katika folda yake pekee, na nakala yake nyingine iwekwe nje ya kompyuta hiyo.